Mahari ya Kukaa

Leo nimestaafu. Nina miaka kumi na minane na nimetumika likizo tisa za shule. Karani Barasa anasema kazi ni kazi, na mtu akiiacha bila kufukuzwa na bila kufa, huko ndiko kustaafu. Kwa hiyo asubuhi amenipa chai ya maziwa na maandazi mawili, akanishika mkono mbele ya watu wote wa baraza, akangoja nimtazame usoni. Nilimtazama. Kisha nikatazama viatu vyake, nipumzike.

Jumatatu naingia chuo cha ualimu. Sanduku langu la kukalia linabaki kwa mdogo wangu Nasimiyu, binti wa Mama Mdogo, ambaye hajui kazi lakini haogopi mtu. Mimi nilianza kinyume chake: nilijiona najua kazi, na niliogopa watu pamoja na mbuzi wao. Haya namwandikia yeye, na atakayekuja baada yake. Sitaeleza nililipwa kiasi gani kwa barua moja, maana hakuna atakayeamini kwamba mtu aliamka mapema kwa ajili ya hicho.

Kazi yenyewe ni kuandika barua za watu. Hapa Kitale wengi wametoka mbali kutumika kwenye mashamba ya wazungu, kukamua, kulima, kuvuna mahindi, na nyumbani wameacha mama, wake na kesi. Jumamosi wanakuja mjini. Anayejua kuandika anaandika mwenyewe. Asiyejua anakuja kwenye baraza la duka la vitambaa, anakaa juu ya gogo, anasema, nasi tunaandika. Barua inakwenda Myanga, au Lwakhakha, au Suam, kupitia kwa mwalimu wa shule, na huko mwalimu anaisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Hilo la mwisho ulikumbuke, Nasimiyu. Barua yako haisikiwi na mtu mmoja.

Mama Mdogo ndiye aliyeniingiza kazini. Ana cherehani kwenye baraza hilohilo, na mimi hukaa kwake kila shule inapofungwa. Likizo ya kwanza ya sekondari alinipeleka kwa Karani Barasa, akasema nikiwa nimesimama palepale:

"Huyu mtoto haongei. Labda ataandika."

"Haongei kabisa?"

"Akiumwa na nyuki anamwambia samahani."

"Basi atafaa," akasema Karani. "Wanaoongea wananimalizia wino."

Karani Barasa alikuwa karani wa stesheni kule Bungoma kwa miaka mingi, akipokea mizigo na kupiga simu za maandishi. Watu wanamwita Koma. Ukiandika sentensi ndefu, anatazama juu ya bega lako na kusema, "Koma!" na mpaka leo hakuna anayejua kama anataka alama ya koma au anataka uache. Mimi nilijifunza kufanya yote mawili. Naweka koma, kisha nanyamaza.

Siku ya kwanza alinipa sanduku la sabuni la kukalia, debe lililofunikwa kifudifudi liwe meza, kalamu ya nibu, na unga wa wino nikoroge mwenyewe. Nilitia maji mengi kwa sababu niliona haya kumaliza unga wa mtu. Barua zangu tatu za kwanza zilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Karani alizishika juani, akasema mke wa huyu bwana atadhani mumewe amekufa na anaandika kutoka huko. Nikaziandika upya zote.

Halafu akaniambia: kila mistari miwili, futa nibu, hata kama ni safi.

"Kwa nini, mzee?"

"Unyamaze kidogo."

"Lakini mimi nimenyamaza."

"Mdomo. Mkono wako unapayuka."

Alikuwa na haki. Nilitoka shuleni na salamu za nusu ukurasa, za kumtakia mtu afya tele kama afya niliyo nayo mimi niliye na afya. Karani aliweka rula juu ya neno moja, akagonga debe kama nyapara anayeamsha kambi. "Hili linafanya kazi gani hapa?"

"Linapamba, mzee."

"Lirudi kwao likapambe huko."

Huko stesheni mtu aliyepiga simu alilipia kila neno, kwa hiyo Karani alikuwa amewahi kuona mtu akitangaza harusi, ugonjwa na mbuzi aliyepotea kwa maneno manane. Alitaka barua zetu ziwe hivyo, ingawa karatasi haina ubahili. Tulizoea hivi: naandika, nafuta nibu, nasoma kimya, nakata neno moja. Hata kama yote ni mazuri, moja linakwenda. Ukizoea, linajitoa lenyewe.

Jambo la pili lilikuwa daftari. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mstari mmoja juu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Siku ya kwanza niliandika: "Asubuhi palikuwa na ukungu."

"Kitale ina ukungu tangu Nuhu," akasema Karani. "Hiyo si habari. Ukungu ulifanya nini?"

Kesho yake niliandika: "Ukungu umemfanya dobi aamkie nguzo." Nilimwona akimsomea Mama Mdogo, na Mama Mdogo akamtafuta dobi. Daftari hilo sijaliacha hata siku moja, na mistari mingi ni mibaya. Karani anasema mibaya ndiyo inayolinda zamu mpaka mzuri upite.

Jambo la tatu lilikuwa mashine ya kusaga. Katikati ya juma wateja ni wachache, kwa hiyo alinituma nikasimame kwenye foleni ya kusaga bila mahindi. Nirudi na maneno matatu ya watu, yaleyale, bila kuyatengeneza. Kwa mtu mwenye haya ni kazi tamu, hakuna anayekuuliza lolote. Ilikuwa tamu kwa siku nne. Siku ya tano mama mmoja mwenye gunia kichwani alinigeukia.

"Wewe msichana, kila siku uko hapa na hujasaga hata punje. Si useme tu kama ni polisi wamekutuma?"

Nilikimbia. Lakini niliyaandika maneno yake, na siku ile nilihitaji mengine mawili tu.

Kitu kimoja Karani hakukigusa. Nilikaa nimeelekea ukuta. Wateja waliniambia mambo yao nyuma ya kichwa, wakaenda zao bila kujua nina pua ya namna gani. Mama Mdogo alilalamika. Karani akamjibu, "Mwache. Wanakiambia kisogo mambo wasiyomwambia kasisi." Kanuni yake ilikuwa moja tu, na hiyo hakuisamehe: ukimaliza, msomee mwenye barua kwa sauti mpaka aitikie. Mimi nilisoma kwa sauti ya mbu aliyekatazwa, lakini nilisoma.

Sasa tunafika likizo ya sita na kosa langu.

Kulikuwa na kijana anaitwa Simiyu, mkamuaji katika shamba moja ng'ambo ya mto, mrefu, mpole, mwenye kofia aliyoizungusha mikononi kila aliposema neno gumu. Alimpenda Nafula, binti wa Mzee Makokha wa Myanga. Hilo baraza zima lilijua. Nililokuwa silijui mimi, kwa sababu barua za kwanza aliandikiwa na Karani, ni jibu la mzee. Mzee Makokha alikuwa amesema: sitoi mtoto wangu akalale katika laini ya vyumba vya wafanyakazi, vijana kumi na bomba moja la maji. Tafuta kwanza mahali pa kumweka, halafu tutaongea. Na ufanye haraka, kuna mfanyabiashara wa Lwakhakha mwenye baiskeli anakuja hapa kila Jumapili, na baiskeli ina taa.

Siku Simiyu alipokuja mbio na habari, Karani alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Akakaa kwangu.

"Andikia baba ya Nafula," akakiambia kisogo changu. "Sema, Baba, ire kitu uriniambia, nimepata. Nimepata mahari."

Nasimiyu, wewe ni mtu wa Bungoma kama mimi na unaujua ulimi wetu. R na l kwetu ni pacha: unamwita mmoja, anakuja yeyote. Mtu wetu akisema "mahari," huenda ni ng'ombe wa kuolea, na huenda ni mahali, pa kujenga na kuishi. Mimi shuleni nilikuwa nimepata alama zote katika imla. Nilisikia kijana, nikasikia mchumba, nikasikia baba mkwe. Nikaandika mahari, kwa r nzuri yenye mkia.

Akaendelea: "Iko mzuri sana. Iko karibu na mto, na majani iko mingi. Bwana ya shamba amekubari. Njoo uone Jumamosi mbiri ijayo, mimi nangoja hapa kwa baraza, kabra ya mvua."

Hapo ndipo elimu ilipomaliza kazi. Nilimsahihishia sarufi, kwa ngeli ya mahari. Niliandika: "Ni nzuri sana. Iko karibu na mto penye majani mengi." Kama ningekuwa sijui ngeli, labda yangeharibika kidogo tu. Sasa yeyote angeona ng'ombe wanene wakinywa maji. Kumbe majani yale yalikuwa ya kuezeka.

Na kanuni niliifuata! Nilimsomea. "Nimepata mahari," nikasoma.

"Ndiyo," akaitikia, "mahari."

Tulikubaliana kabisa. Daftari langu la siku ile linasema: "Leo nimeandika barua isiyo na neno hata moja la ziada." Ni kweli. Ilikuwa na herufi moja tu.

Jumamosi ya pili basi la Bungoma lilishusha watu wanne. Mzee Makokha, ndani ya koti zito na kofia. Dada yake, Shangazi Nabalayo, ambaye Mama Mdogo anasema alisikika kabla basi halijapinda kona. Na vijana wawili wenye fimbo za kuswagia, kila mmoja na kamba mpya begani.

Simiyu alikuwa anangoja na shati lililopigwa pasi. Aliziona kamba, akadhani ni desturi ya Myanga.

"Iko wapi?" akauliza mzee baada ya salamu.

"Ng'ambo ya mto, baba. Si mbari."

"Ni ngapi?"

Simiyu alizungusha kofia. "Ni moja, baba."

"Moja."

"Lakini ni kubwa! Unaweza kurima mahindi juu yake, na maharagwe kando."

"Ati kurima juu yake," akasema shangazi polepole.

"Ndiyo, shangazi. Na huku nyuma nitachimba choo."

Kijana mmoja aliangusha kamba. Nilimsikia Shangazi Nabalayo akiweka kikapu chini, nikajua kuna jambo, kwa sababu mtu haweki kikapu chini hivi hivi.

"Choo nyuma ya ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, shangazi?"

"Ng'ombe ya mahari!"

"Mimi sina ng'ombe. Mimi nimepata mahari!"

"Mahari bira ng'ombe, wewe kijana? Mahari ya nini? Ya kuku?"

"Mahari ya kukaa!"

Watu walianza kukusanyika. Mzee Makokha alitoa barua kutoka koti, akaifungua taratibu. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwarimu amesoma. Kanisa mzima imesikia. Mtu ya Lwakhakha nimemwambia aende na baiskeri yake. Sasa mimi narudi Myanga na kamba tupu, nasema nini? Nasema mtoto wangu ameposwa na mtu mwongo." Akakunja barua. "Basi inarudi saa nane. Twende."

Simiyu alisimama tu. Kofia haikuzunguka tena.

Karani Barasa aliomba aione barua. Aliisoma, akafika kwenye lile neno, na nikamsikia nyuma yangu akisema kwa sauti ndogo, "Koma." Kisha akainyoosha juu ya debe langu, akaweka kidole kwenye r yenye mkia. Nilimngoja aeleze, maana yeye ndiye karani. Akarudi akakaa.

"Mwenye mkono aseme," akasema.

Ule ukuta naujua. Una ufa unaoanza chini, unapanda, unakata tamaa. Niliutazama ufa mpaka mwisho wake. Nikasimama, nikageuza sanduku, na kwa mara ya kwanza katika likizo sita nikaona baraza letu lina watu wengi namna gani.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyesikia.

"NI MIMI!" Cherehani ya Mama Mdogo ikanyamaza.

"Wewe nani?" akauliza shangazi.

"Ndimi niliyeandika. Yeye alisema mahari, mimi nikaandika mahari."

"Sasa kosa iko wapi?"

Watu wakacheka, na walikuwa na haki, kwa sababu hata ulimi wangu mwenyewe ulikataa kuyatenga maneno hayo. Kadiri nilivyosema ndivyo yalivyozidi kuwa moja. Nikachukua chaki ya Mama Mdogo ya kuchorea nguo. Kwenye ubavu wa debe nikachora ng'ombe, na kando yake nikachora nyumba.

"Hii ni mahari," nikasema, kidole juu ya ng'ombe. "Na hii ni mahari," juu ya nyumba. "Yeye alisema hii ya nyumba. Mimi nikaandika hii."

Mzee Makokha aliinama akatazama sana.

"Hii ni ng'ombe?"

"Ndiyo, baba."

"Iko na miguu tano."

"Mmoja ni mkia, baba."

Akatazama nyumba. Akamtazama Simiyu. "Kwa hivyo kijana hakudanganya."

"Hakudanganya. Kosa ni langu." Halafu nikauliza kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. "Baba, kama ningeandika hii ya nyumba, mngesikia barua, mngefanya nini?"

Alifikiri. "Ningekuja kuona. Si mimi mwenyewe nirimwambia atafute?"

"Na kamba?" akauliza kijana aliyeiangusha.

"Kamba tungeacha nyumbani."

"Basi, baba," nikasema, na mpaka leo sijui sauti ile ilitoka wapi, "kuja umeshakuja."

Shangazi Nabalayo ndiye aliyecheka kwanza. Mzee alitazama jua, akatazama upande wa basi, akavua koti akampa Simiyu amshikie. Simiyu alilipokea kama mtoto mchanga. Basi la saa nane liliondoka bila wao.

Yaliyobaki alinieleza Simiyu. Palikuwa ni kona ya mto, ekari moja ambayo bwana wa shamba alimruhusu kujenga na kulima. Shangazi alionja maji, akatema, akaonja tena, akasema yanafaa. Mzee alitembea mpaka wa juu na mpaka wa chini. Kisha akawaita vijana, na zile kamba zilizokuja kufunga ng'ombe zikapima nyumba: chumba cha kulala, jiko, na kingine ambacho shangazi alisema ni cha wageni, yaani yeye. Habari ya ng'ombe iliwekwa kando mpaka Simiyu atakapovuna.

Nilingoja Karani anifukuze. Jumatatu alikoroga wino wake, akafuta nibu iliyokuwa safi.

"Hata mimi nisingesikia," akasema. "Mimi mwenyewe nasema balua."

Basi tukaongeza kanuni, na hii ndiyo ninayokuachia juu ya nyingine zote. Ukishamsomea mtu, usimwulize kama umeandika sawasawa. Atasema ndiyo, watu wana adabu. Mwulize: wakisikia hii, watafanya nini? Juma lilelile mama mmoja aliniambia, "Wataria sana."

"Unataka walie?"

"Hapana! Nataka watume viazi."

Tukaandika upya. Viazi vilikuja, gunia zima, akaniletea vitano.

Sanduku halikurudi ukutani. Sikupenda, sitadanganya. Lakini nilianza kuona. Daftari la likizo ya saba lina macho, mikono, kofia, kucha zenye udongo wa shamba, mtu anayesema "sijambo" huku anasonya. Nilikuwa nimekwenda mpaka mashine ya kusaga kutafuta watu, na walikuwa wamekaa nyuma yangu muda wote.

Debe ni lako sasa. Karani aliipaka ile michoro wino mzito isifutike, na akakataa nipunguze mguu wa tano. Mtu wetu akisema lile neno, usibishane naye juu ya herufi. Mgeuzie debe, aweke kidole.

Leo, baada ya chai na maandazi, nilikuwa naanza kufunga kalamu zangu Simiyu alipokuja. Hakukaa kwa Karani. Alikaa kwangu.

"Andikia baba ya Nafula. Sema, Baba, ire kitu." Akaweka kidole kwenye nyumba. "Hii imeisha, na mrango imewekwa." Kidole kikateleza taratibu juu ya bati mpaka kwenye ng'ombe mwenye miguu mitano. "Na hii imepatikana."

Niliandika. Nikafuta nibu. Nikakata neno moja. Nikamsomea kwa sauti ambayo Mama Mdogo aliisikia juu ya cherehani, kisha nikamtazama na kumwuliza: wakisikia hii, watafanya nini?

Simiyu alizungusha kofia mara moja.

"Watakuja na kamba," akasema.